Nani Anamkagua Mwanamke? Mavazi, Urembo na Kazi, kutoka Bujora hadi Bungeni

Tarehe 1 Juni 2021, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama bungeni Dodoma kulalamikia suruali ya mbunge mwenzake. Spika Job Ndugai akamwamuru Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, atoke nje akabadilishe nguo ndipo arudi. Wakati huo nchi ilikuwa na rais mwanamke kwa miezi miwili na siku chache. Karibu miaka mitatu nyuma, Septemba 2018, Spika huyohuyo alipiga marufuku kope na kucha za kubandika ndani ya ukumbi, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Dk. Faustine Ndugulile, kueleza kuwa vitu hivyo vinawaletea watumiaji madhara ya kiafya.

Mjadala uliofuata suruali ile uliacha watu wamechanganyikiwa. Wabunge wanawake walidai mwenzao aombwe radhi. Nje ya Bunge, wengine walisema mwanamke anayefikia uongozi avae atakavyo, na wengine wakajibu kwamba uongozi haufuti utamaduni. Ndani ya ubishi huo maswali matatu yalisukwa pamoja kama mkeka: vazi la mwanamke linatuambia nini kuhusu nafasi yake katika jamii, nani ana haki ya kuliamulia, na nani analipa gharama yake. Maadamu hayajatenganishwa, kila upande utaendelea kujibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Neno lililorudiwa zaidi lilikuwa utamaduni. Kwa kuwa aliyeanzisha hoja anatoka Kanda ya Ziwa, ni haki kuanzia hapo utamaduni wa kanda hiyo ulipohifadhiwa: Bujora.

Usuli wa kwanza: jembe, ng'ombe na shanga

Bujora iko jirani na Kisesa, kilometa zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza, upande wa barabara iendayo Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, uwanja wake hupokea Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu, mahasimu wa tangu enzi za mababu. Katika bugobogobo wachezaji hushika majembe, huyarusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Mtazamaji mgeni huona sarakasi. Aliyelelewa Usukumani huona kazi ya shamba iliyogeuzwa kuwa mchezo.

Jembe hilo ndilo ufunguo. Katika jamii ya wakulima wanaofuga, mwanamke alikuwa mkono wa shamba na mzazi wa ukoo. Ndoa ilivihamisha vyote viwili kutoka boma la baba kwenda boma la mume, na ng'ombe wa mahari ndio waliouhalalisha uhamisho huo. Mara nyingi ng'ombe haohao ndio waliotumika kumwoza mke kaka wa bibi harusi. Sura na afya ya binti ikawa jambo la ukoo mzima, na waliomtazama kwa makini kuliko wote walikuwa wazee wanaojua kuhesabu mifugo.

Sifa walizozitafuta zilifuata mahitaji hayo: mwili uliojaa na wenye nguvu, mkono usiochoka mapema, tabia njema kwa wakwe. Zilikuwapo pia sifa zisizo na kazi shambani, kama mwanya katikati ya meno ya juu, na weupe wa ngozi. Mpaka leo inasemwa waziwazi Usukumani kwamba binti mweupe huongezewa ng'ombe. Shanga na bangili za waya wa shaba zilikamilisha pambo, na nyingi zilifika kwa misafara ya karne ya 19 ambamo Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri. Aliyepambwa sana alitangaza ukwasi wa baba au mume. Kwamba yeye mwenyewe alipenda pambo lipi, hilo halikuwa swali la kwanza.

Hapa pana jambo la kulishika. Urembo wa zamani haukuwa kinyume cha kazi, maana mwanamke mzuri na mwanamke mchapakazi walikuwa mtu mmoja. Lakini mkaguzi wake alikuwa ukoo, na ukoo ulikagua kwa hesabu zake.

Usuli wa pili: nguo za meli na pamba ya shamba

Kinachoitwa leo vazi la asili kina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya vitambaa, Usukumani kulivaliwa ngozi za wanyama. Merikani, kama jina lenyewe linavyosema, ilitoka Marekani. Kaniki ilifika kwa njia ya biashara hiyohiyo ya pwani. Khanga ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikabeba maandishi baadaye, na kupanda bara polepole kwa misafara na kisha kwa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Historia ya khanga Zanzibar ndiyo ushahidi mzito kwamba vazi linaweza kuzungumzia hadhi. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa. Amri ya mwaka 1897 iliondoa utumwa kisheria, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki wakajifunga khanga, na wengine wakavaa buibui, ili wasionekane tena kuwa mali ya mtu. Waliojifunika zaidi ndio waliokuwa wanatangaza uhuru. Yeyote anayedhani kwamba uhuru hupimwa kwa ngozi inayoonekana anapaswa kupita Unguja kwanza.

Usukumani hadithi ilipita shambani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilimo cha pamba kilipanuka sana, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, ukiongozwa na Paul Bomani. Miaka ya 1960 Mwanza ikapata kiwanda chake cha nguo, Mwatex. Mwanamke alipanda, akapalilia na kuchuma. Fedha za mauzo, mara nyingi, zilipokewa na mume, na msimu ulipokwisha doti ya khanga ikaletwa nyumbani. Pamba aliyoichuma kwa vidole vyake ilimrudia kama zawadi.

Dola yashika mkasi

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza kutekelezwa 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Jijini Dar es Salaam vijana waliwavamia wanawake mitaani hata kabla ya tarehe yenyewe kufika. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wa kuunga mkono na wa kupinga.

Hoja rasmi ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini kwa wakati uleule serikali ilikuwa inawalazimisha Wamasai kuacha lubega na kuvaa suruali, kwa sababu uchi wao ulionekana kuiaibisha nchi inayosonga mbele. Mmasai alikosea kwa kuwa wa kale mno, mwanamke wa mjini kwa kuwa wa kisasa mno. Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyechunguza sakata hilo, anaonyesha kwamba chini ya sketi kulikuwa na wasiwasi mwingine: wasichana waliokuwa wanaingia mjini, wanapata kazi za ukarani na upigaji chapa, wanapanga vyumba na kushika fedha zao bila baba wala mume kuwasimamia. Kimini kilikuwa alama inayoonekana ya jambo lisiloweza kupigwa marufuku kwa urahisi, nalo ni mshahara wa mwanamke.

Tanzania haikuwa peke yake. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku vimini mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ikatunga sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake hata suruali. Dola changa ziligundua kwamba kudhibiti bei ya pamba duniani ni kazi ngumu, ila kupima sketi kunahitaji futikamba tu.

Soko lafungua mlango

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulilegezwa. Mitumba ikamwagika. Viwanda vya umma vya nguo vikayumba, Mwatex ikiwamo. Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamezimwa tangu zama za Ujamaa, yakarejea mwaka 1994. Saluni zikaota mtaa kwa mtaa, zikawa mahali pa urembo na pia ajira ya maelfu ya wasichana.

Kwa mwanamke wa Mwanza mabadiliko hayo yalikuwa na sura ya kazi. Pale Mwaloni Kirumba wanawake hununua, hukausha na kusafirisha dagaa. Anayeshinda juani kati ya magunia huvaa kinachoruhusu kuinama, kubeba na kupanda lori: fulana ya mtumba, taiti au suruali, kitenge kikiwa kimefungwa juu kwa stara. Jioni au siku ya harusi mtu huyohuyo hushona sare ya kitenge pamoja na wenzake wa kikoba. Nguo zake zinafuata majukumu yake, na majukumu yameongezeka kuliko yalivyobadilika.

Urembo nao ulipata mfano uliowashangaza wengi. Mwaka 2007 Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe nchini Mexico akiwa na kichwa kilichonyolewa, akafika nafasi ya sita. Nchini, nywele fupi kwa msichana ni kanuni ya shule nyingi za serikali, na wengi husubiri kwa hamu siku ya kumaliza ili wasuke. Alichokivaa kama taji mbele ya dunia ndicho ambacho maelfu hukivua kwa furaha wakimaliza kidato cha nne. Nywele zilikuwa zilezile, ila hapa ziliamuliwa na mwalimu na kule na mwenyewe.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza husema mavazi ni kioo: mwanamke akipata elimu, kipato na kura, nguo zake hubadilika kuonyesha hivyo. Nguvu yake ni kwamba historia inaukubali mara nyingi. Khanga ya mwaka 1897, sketi ya karani wa 1968 na suruali ya mchuuzi wa Mwaloni zote zilikuja pamoja na badiliko la kazi au hadhi. Udhaifu wake ni kudhani kwamba kioo huonyesha mbele tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanawake wa Ulaya na Marekani waliingia viwandani wakiwa na suruali. Mwaka 1947 Christian Dior alizindua mtindo wa viuno vilivyobanwa na sketi pana za kitambaa kingi, wakati ambapo wanajeshi walikuwa wamerudi na wanawake wengi wakihimizwa warudi nyumbani. Mtindo unaweza kumsindikiza mwanamke kutoka nje, na unaweza pia kumrudisha ndani.

Udhaifu wa pili ni kwamba vazi moja hubeba maana nyingi. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa 19 Machi 2021, ni Amiri Jeshi Mkuu akiwa amejitanda ushungi. Anayesoma nguo peke yake atadhani anamwona mwanamke wa nyumbani. Na madaraka yenyewe hayavunji vipimo vya zamani papo kwa hapo: Agosti 2021 Rais huyo alilaumiwa hadharani kwa kauli yake kuhusu vifua bapa vya wanasoka wanawake, alipokuwa akieleza wasiwasi wake juu ya ndoa na maisha yao baada ya mpira. Wasiwasi kuhusu kipato baada ya michezo ulikuwa wa haki. Kwamba ulipitia kifuani unaonyesha jinsi kipimo cha ndoa kilivyo kizito hata pale mwenye kupima ni mwanamke wa kwanza Ikulu.

Msimamo wa pili husema mitindo mipya ni mmomonyoko wa maadili. Tusiupuuze. Unabeba ukweli kwamba mavazi ni lugha ya pamoja, na kwamba kila jamii, hata iliyo huru kiasi gani, ina nguo za msibani, za ibadani na za kazini. Watumishi wa umma nchini wana waraka wa mavazi wa tangu mwaka 2007, na unawahusu wanaume pia. Unabeba pia hofu halali ya wazazi kuhusu wasichana wanaotumiwa na watu wazima wenye fedha.

Lakini una nyufa tatu. Kwanza, hulinda utamaduni usio na tarehe: khanga na kitenge, vinavyotajwa kama ngao ya asili, vyote vilifika kwa biashara. Pili, mzigo wa maadili humwangukia mwanamke. Mwanaume aliyevaa suti ya kigeni ni nadra kuambiwa ameusaliti ukoo. Tatu, ukikabidhiwa barabara huzaa jeuri. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana kwa kaulimbiu ya vazi langu, uamuzi wangu, baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kituoni mwa matatu. Uganda, mwaka huohuo, sheria ya kupinga ponografia iliposainiwa, watu walianza kuwavua wanawake mitaani kabla hata ya kuisoma. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha vifungu vyake muhimu. Maadili yanayolindwa kwa kumvua mtu nguo hadharani yamekwisha kujipinga yenyewe.

Msimamo wa tatu husema hakuna uhuru wala mmomonyoko, kuna biashara: kucha, kope, wigi na mafuta ni njia ya kuhamisha fedha kutoka pochi ya mwanamke kwenda kwa muuzaji. Nguvu yake ni kwamba hufuata fedha. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Ziwa, na nyingi huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, kisha ukanda huohuo huvaa mitumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2016 kuiondoa mitumba hadi kufikia 2019. Marekani ilipotishia kufuta unafuu wa kibiashara, Rwanda peke yake ikashikilia uamuzi na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa nguo zake. Hapa pana mvutano usio na jibu jepesi: mitumba ilimpa mama wa Kisesa suruali na koti kwa bei anayoiweza, na ilimnyima binti yake ajira ya kiwandani.

Udhaifu wa msimamo huu ni kumwona mwanamke kama mteja aliyerogwa. Saluni ni mtaji wa kwanza wa wanawake wengi wasio na shamba wala ng'ombe. Sare ya kitenge inaumiza mfuko, ila huwafunga wanakikundi pamoja, na kikundi hicho ndicho kitakachomchangia mwanachama akifiwa. Kuiita gharama hiyo upuuzi ni kusoma upande mmoja wa daftari.

Majaribio mawili: ngozi na macho

Nadharia hupimwa kwa mambo magumu. Kanda ya Ziwa inayo mawili.

La kwanza ni kujichubua. Ingekuwa mavazi na urembo ni kioo cha uhuru tu, mwanamke mwenye elimu na kipato angeacha mkorogo. Ingekuwa ni uvamizi wa kigeni tu, wanakijiji wasingewahi kumwongezea binti mweupe ng'ombe. Na ingekuwa ni biashara tu, tangazo likiondolewa hamu ingekufa. Ukweli ni kwamba kipimo cha mahari kilikutana na picha za kikoloni, kisha kikakutana na duka, na kila mkaguzi mpya alikirithi kutoka kwa wa kwanza. Weupe ulioongeza mifugo kwa baba leo unatarajiwa kuongeza nafasi ya mchumba, ya kazi ya mapokezi, ya wafuasi mtandaoni. Vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na Shirika la Viwango ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Zebaki hudhuru figo na mtoto aliye tumboni. Ni madini yaleyale ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huyatumia kukamatia dhahabu, na huko machimboni hakuna anayeyaita urembo. Marufuku ina gharama yake pia: huwasukuma wauzaji kwenye uchochoro ambako hakuna lebo. Hata hivyo hapa dola inalinda figo za raia, jambo ambalo futikamba ya 1969 haikuwahi kufanya.

La pili halizungumzwi kwenye mijadala ya mitindo, ingawa linaihusu moja kwa moja. Kwa miongo mingi, Shinyanga, Mwanza na maeneo jirani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama iliyotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeorodhesha vifo hivyo kwa mamia katika baadhi ya miaka. Chanzo cha wekundu kinafahamika: moshi. Misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, ikafyekwa tena kwa pamba na malisho, na kuni zilipokosekana jikoni kukaingia kinyesi cha ng'ombe. Miaka 40 ya kuwapikia wengine ikaandikwa machoni mwa mpishi, kisha ikasomwa kama hatia.

Mara nyingi waliosomwa hivyo walikuwa wajane wanaoishi juu ya ardhi ambayo wengine waliitaka. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa, ila tamko la sheria za kimila la 1963 bado linambana mjane katika mirathi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi chini ya mila hizo. Kwa hiyo sura inayokaguliwa kwa upole mwanamke akiwa na miaka 18 hukaguliwa kwa panga akiwa na 70, pale anapokuwa hazai, halimi sana, na ana shamba. Wasiotaka kuona uhusiano kati ya urembo na mali waanzie hapo.

Kupima uzito

Misimamo yote mitatu ina sehemu ya ukweli, na yote hukosea kwa njia moja: hutazama nguo badala ya kumtazama anayeikagua. Ukifuata mkaguzi, mkanganyiko hupungua. Ukoo ulimkagua mwanamke kwa ajili ya jembe na uzazi, ukapenda mwili wenye nguvu. Dola ilimkagua kama bendera, ikapenda stara inayofanana na picha yake ya taifa. Soko linamkagua kama mteja na kama bango, nalo hupenda kila kinachohitaji kununuliwa tena mwezi ujao. Hakuna mkaguzi aliyeondoka alipokuja mwingine. Mwanamke wa Mwanza leo anaombwa awe mnene kwa wakwe, mwembamba kwa picha, wa heshima ofisini na mchapakazi sokoni, yote kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kutokana na hilo, kipimo kinachofaa zaidi ni gharama ya kukataa. Akikataa kujichubua, je, atakosa mchumba? Akikataa kushona sare, je, atatengwa? Akivaa suruali, je, atatolewa kazini au kuvuliwa kituoni? Na akivaa ushungi, je, atanyimwa nafasi? Pale jibu linapokuwa dogo, vazi limekuwa chaguo lake, liwe refu au fupi. Pale jibu linapokuwa kubwa, hata vazi zuri kuliko yote ni amri iliyopigwa pasi.

Kipimo hiki kina kasoro. Gharama haionekani kwa macho, na hakuna jamii isiyotoza chochote kwa anayeachana na desturi. Lakini kinasaidia kupanga vipaumbele. Mwanamke mwenye shamba kwa jina lake, akaunti yake na mume asiyepokea mauzo kwa niaba yake anaweza kukataa mambo mengi bila kuangamia. Ndiyo maana hati ya ardhi na mirathi vitabadilisha urembo kwa kina kuliko kanuni yoyote ya Bunge kuhusu kucha.

Kwa muhtasari

Mavazi na urembo vinaakisi nafasi ya mwanamke, lakini kwa kuchelewa na kwa kupindapinda, kwa sababu kila zama huacha kipimo chake nyuma na zama inayofuata hukitumia tena. Anayesema mavazi ni uhuru anasahau 1947, na anayesema ni mmomonyoko anasahau kwamba asili anayoitetea ilishuka melini. Anayesema ni biashara yuko karibu zaidi, ila anamsahau mwenye saluni. Sheria ina nafasi pale madhara yanapopimika, kama zebaki mwilini na kipigo barabarani. Haina nafasi ya maana kwenye urefu wa sketi.

Wahenga walionya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa kawaida methali hiyo humlenga mwanamke mrembo asiye na tabia. Inafaa kuigeuzia jamii yenyewe: kumpamba mwanamke siku ya Bulabo kwa shanga za bibi yake na kumnyima shamba la mumewe siku ya matanga ni kupaka rangi mkakasi mtupu. Na jembe analorusha juu katika bugobogobo bado ni lake kulishika tu. Shamba ndilo linalongoja jina.